Muulize Anko: Treni ya Dallas na treni ya Houston, mbuzi ni wa nani?

Wiki hizi sanduku langu la barua limejaa treni tupu. Kawaida mnaniuliza viza na tikiti za ndege za Desemba, safari hii kaandika dada mmoja wa Houston, kabla sijamjibu shemeji yake naye kaandika kutoka Dallas, alafu wengine wakadandia humohumo. Tuanze na mwenye kesi.

Shikamoo Anko. Mi nipo Houston mwaka wa 9 sasa, mume wangu ana mdogo wake yupo Dallas na huyu shemeji yani hatupumzishi. Akija tu hapa kwetu anaanza, oo nyie mna katreni, sisi Dallas tuna treni ndefu kuliko mji wowote Marekani nzima, nyie mna kipande cha kupeleka watu hospitali na kuwarudisha. Idi iliyopita kaweka dau mbele za watu, atafutwe mtu anayejua treni ipi inafanya kazi zaidi kwa ukubwa wake, atakayeshindwa anunue mbuzi. Mi ile treni napanda kila siku kwenda kazini pale kwenye mahospitali na inajaa mpaka tunasimama, nikienda kwao naona behewa linapita na watu wanne na mmoja kalala. Naomba jibu lenye namba Anko, huyu maneno matupu hasikii. – Shemeji Mtu, Houston

Marahaba mwanangu. Kwanza nikuvunje moyo kidogo alafu nikupe raha. Shemeji yako hajatunga. Hizi treni za umeme za mjini, ambazo wenye fani wanaziita reli nyepesi, kule Dallas zina maili 93, karibu kilomita 150, na kwa miaka mingi hakukuwa na mji Marekani wenye mtandao mrefu kuliko huo. Ila taarifa zake zimechacha kidogo, Los Angeles walifungua kipande cha kwenda Pomona Septemba 2025 na sasa wamempita, kwaiyo akianza tena kusema "Marekani nzima" mkatishe hapohapo. Nyie Houston mna maili 22.7, kama kilomita 36 na nusu hivi. Kwa urefu mmepigwa mara nne, hilo halina ubishi.

Sasa raha. Chukua daladala mbili, moja inatoka Tegeta mpaka Mbagala, nyingine inazunguka kipande kifupi tu cha Kariakoo na Posta. Ya kwanza inatembea sana, inakunywa mafuta, inakula matairi, lakini ukimuuliza tajiri ipi inayomletea hesabu bila kelele jioni anaweza akakuonesha ile fupi. Mwaka 2019, kabla korona haijavuruga kila kitu, treni za Dallas zilibeba abiria kama milioni 28 kwa mwaka mzima na za Houston kama milioni 18. Umeona eeh? Reli ni robo tu ya ile nyingine, abiria ni karibu theluthi mbili. Gawanya mwenyewe kwa maili, Dallas inapata kama abiria laki 3 kwa kila maili moja ya reli, Houston inakaribia laki 8. Zaidi ya mara mbili na nusu. Baada ya korona zote mbili zilishuka, watu walizoea kufanyia kazi nyumbani, kwaiyo hizo za 2019 ndo namba za kupimia uwezo wa kila moja ikiwa na afya zake.

Kwanini iwe hivo? Hapa ndo patamu na naomba mnivumilie maana nitaenda mbali.

Mwaka 1983 miji yote miwili iliulizwa kwa kura kama inataka treni. Houston waliulizwa Juni, wakakataa. Dallas na vitongoji vyake waliulizwa Agosti, wakakubali, wakakubali mpaka kukatwa kodi ya senti moja kwenye kila dola ya manunuzi ili kuendesha usafiri. Hapo ndo ilipozaliwa DART, shirika la usafiri wa umma la Dallas na wenzake. Lakini ile kodi ndo iliyochora ramani yenyewe, maana wanaochangia sio Dallas peke yake, kwa miaka mingi imekuwa miji 13, Plano, Irving, Garland, Carrollton na wengine, na kila mji unaotoa senti yake unataka kuona treni ikifika kwake. Ni kama mchango wa harusi, ukishachanga huwezi kukosa sahani. Kwaiyo reli ikabidi ivutwe mpaka mwisho wa dunia.

Na kuvuta reli mbali ni hela, ndo maana wakatumia akili ya bei rahisi: njia za reli za zamani. Texas ilikuwa imejaa reli za mizigo zilizokufa au zinazochechemea, DART wakazinunua, wakaweka nyaya za umeme juu, treni ikapita. Haraka, nafuu, hakuna kubomoa nyumba za watu. Laini za kwanza zilianza Juni 1996. Shida ni moja tu, njia ya mizigo ilipitishwa pale kwa ajili ya magodauni na viwanda, haikupitishwa kwa ajili ya bibi anayeenda sokoni. Unashuka stesheni unakutana na uwanja mkubwa wa kuegesha magari, ukiuvuka kuna barabara ya njia sita, ukiivuka hiyo ndo unaanza kuona duka, na jua la Agosti la Dallas wote tunalijua.

Houston walichelewa miaka mingi, wakagombana, kuna meya aliyechaguliwa 1991, Bob Lanier, akaupiga chini mpango wa treni uliokuwepo. Baadae alivyokuja meya Lee Brown wakaanza kuchimba 2001, tena bila hela ya serikali kuu maana mbunge wao mwenyewe, Tom DeLay, aliizuia kule Washington. Wakajilipia, kama dola milioni 324, kwa maili 7 na nusu tu. Sasa ukiwa na hela ya maili 7 na nusu na hakuna wa kukusaidia, unaiweka wapi? Unaiweka pale ambapo huwezi kukosea. Wakaipitisha katikati ya barabara, Main Street, kutoka chuo cha pale downtown, ikashuka Midtown, kwenye mamyuziam, Hermann Park, chuo cha Rice, ikaingia katikati ya Texas Medical Center, ikamalizia viwanja vya michezo vya NRG. Ikafunguliwa tarehe 1 Januari 2004, mwezi mmoja kabla ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, iliyochezwa palepale mwisho wa reli.

Hiyo Texas Medical Center unayofanyia kazi mwanangu ndo rundo kubwa la mahospitali kuliko lolote duniani, wafanyakazi tu ni zaidi ya laki moja, bado wagonjwa, wanafunzi na wanaokuja kuangalia wagonjwa. Maegesho pale ni machache na ya kulipia, nesi anatoka saa moja asubuhi mwingine anaingia saa moja asubuhi, na hakuna anayeweza kumbadilisha mgonjwa shuka kwa kompyuta akiwa nyumbani. Kwaiyo shemeji akikwambia katreni kenu kanapeleka watu hospitali, mwambie ndio, na hospitali ndo zenye watu.

Kuiweka barabarani kulikuwa na gharama zake, sitawaficha. Madereva wa Houston hawakuwa wamezoea kuona treni inakata kona mbele ya gari, mwaka wa kwanza waliigonga makumi ya mara mpaka wenyeji wakaibatiza Wham-Bam-Tram, na hilo jina hata kama hujui Kiingereza ukilitamka tu unasikia bati likijikunja. Pia inaenda polepole, inasimama taa nyekundu kama bajaji.

Na kingine nikuibie siri ili usije ukazidiwa kwenye mabishano. Huo utajiri wenu wa abiria ni wa laini moja, ile Nyekundu. Iliongezwa kwenda kaskazini mpaka Northline Desemba 2013, alafu Mei 2015 zikafunguliwa Zambarau na Kijani za kwenda upande wa mashariki, ila Nyekundu bado ndo inabeba zaidi ya theluthi mbili ya watu wote. Hizo mbili nyingine zikipita mchana unaweza kuona na nyie watu wanne na mmoja kalala.

Anko, nasikia shemeji kakuandikia kunishitaki, naomba na mimi nisikilizwe maana kesi ya upande mmoja haina ushahidi. Huyo anaongelea kujaa, hata chooni stendi kunajaa. Swali langu dogo tu, treni yao inaenda eapoti? Yetu inaenda. Wageni wao wakitua wanaenda kuchukuliwa na nani? Na jumla ya abiria sisi si ndo wengi? – Mwenye Mbuzi Wake, Dallas

Bwana Mbuzi, heshima yako. Kwa jumla nyie ndo wengi, milioni 28 ni nyingi kuliko 18, hiyo nakupa bila kinyongo. Na eapoti nakupa kwa mikono miwili. Laini yenu ya Chungwa inaingia eapoti ya DFW tangu Agosti 2014, unashuka ndege unavuta begi unapanda treni mpaka downtown kwa kama dakika 50. Na Oktoba 2025 mkaongezewa ile Silver Line, ya dizeli, maili 26 kutoka Plano mpaka eapoti hiyohiyo bila kuzunguka mjini, ingawa ile sio reli nyepesi kwaiyo usiiingize kwenye hesabu ya dau. Houston wana viwanja viwili vikubwa vya ndege na hakuna hata kimoja chenye treni. Ukitua Bush kuna basi namba 102 linalosimama kila pahala kama la shamba, ndo maana wageni wa shemeji yako wanachukuliwa na shemeji yako.

Lakini kaa chini kidogo. Unajua kwanini treni zenu zinakuwa na watu wanne? Urefu ni sababu moja, ya pili ni subira. Kila laini kwa siku za kawaida inakuja kila baada ya dakika 15 au 20 na jioni zaidi ya hapo. Laini Nyekundu ya Houston miaka yake mizuri saa za watu wengi ilikuwa inakuja kila dakika 6. Treni ya dakika 6 huhitaji ratiba, unatoka tu nyumbani. Ya dakika 20 ukiikosa unaanza kuwaza kwanini nisingewasha gari, na Texas gari lipo nje linakusubiri.

Tena hamuwezi kuongeza treni kirahisi, maana laini zenu zote nne, Nyekundu, Buluu, Kijani na Chungwa, zinabanana kwenye njia moja ya mtaa wa Pacific na Bryan pale katikati ya mji. Gari likizimika juu ya reli pale, mji mzima wa maili 93 unasimama. Kulikuwa na mpango wa kuchimba njia ya pili chini ya ardhi ukawekwa kabatini. Hela zimekuwa za kugombania, kuna miji inalalamika inatoa kodi nyingi kuliko huduma inayopata. Niliwaambia mambo ya sahani ya harusi.

Na mpira je? Kombe la Dunia la 2026 Texas ilipewa viwanja viwili. Cha Houston kipo palepale kwenye stesheni za laini Nyekundu, unashuka unaingia. Cha "Dallas" hakipo Dallas, kipo Arlington, mji wa watu karibu laki nne ambao kura za usafiri wa umma wanazikataa kila wanapoulizwa na sio mwanachama wa DART. Yani treni ndefu kuliko zote na haifiki uwanjani. Hapo Bwana Mbuzi sina namna ya kukutetea.

Anko mimi nipo Kimara, Dar, nimecheka, kumbe DART siyo yetu peke yetu? Alafu nyie mnasema milioni 28 milioni 18, nani anahesabu? Nasikia hizo treni za Marekani hazina hata geti la kuingilia. – Msubiri Mwendokasi

Majina yamegongana kweli. Ya kwenu ni wakala wa mabasi ya mwendokasi Dar es Salaam, ya kwao ni ya Dallas, na wao walilichukua jina kitambo kabla yenu. Na usijidharau, awamu ya kwanza ya mwendokasi, zile kilomita 21 za Kimara, Kivukoni, Gerezani na Morocco zilizofunguliwa 2016, ilifika kubeba zaidi ya watu laki moja na nusu kwa siku, ambao ni sawasawa na treni za Dallas na Houston ukizichanganya pamoja kwa siku ya kazi kabla ya korona. Kwa basi! Najua utaniambia walibebwa vipi, kichwa kwenye kwapa la mtu, hilo ni suala jingine, ila mtu asikudanganye kwamba reli peke yake ndo inaleta abiria.

Kuhusu kuhesabu, ni kweli Dallas na Houston hakuna mageti. Unakata tikiti kwenye mashine au kwenye simu unaingia, siku moja moja anapita mkaguzi, akikukuta huna ni faini. Kwaiyo kuhesabu tikiti hakusaidii maana wapo wanaodandia. Wanachofanya ni kuweka vijicho vya umeme juu ya milango, kila mtu akikatiza mwale anahesabiwa kapanda au kashuka, alafu mitambo inasahihishwa na watu wanaohesabu kwa macho safari chache. Angalia lakini mtego uliopo: kinachohesabiwa ni kupanda, sio mtu. Ukipanda Kijani ukashuka ukapanda Nyekundu wewe peke yako ni abiria wawili, na jioni ukirudi wanne. Kwaiyo ukisikia mji una abiria laki moja kwa siku usidhani ni watu laki moja, na mji ambao laini zake zinalazimisha watu kubadilisha unapata namba nono kwa kuwasumbua tu. Haibadilishi kesi ya mbuzi, pengo la mara mbili na nusu haliwezi kuzibwa na hilo.

Jambo Anko. Mimi ni mama Mkongo wa Uvira, tuko Dallas tangu mwaka jana, walitupangisha Vickery Meadow. Mimi sijue mambo ya kushindana ya hawa. Gari sina, kazi nimepata ya usafi kule aeroport DFW, tike ya treni iko bei gani na nitabadilisha mara ngapi? – Mama wa Watoto Tano

Mama, karibu sana, barua yako ni fupi kuliko zote na ndo imenifanya nifikirie upya hizi namba zangu.

Upo pazuri. Hapo Vickery Meadow stesheni yako ni Park Lane, wengi wanatembea kwa mguu. Panda laini ya Chungwa, soma mbele ya treni iandikwe DFW Airport, usibadilishe popote, inapita mjini, inapita Irving, inakushusha eapoti Terminali A. Ukifanya kazi terminali nyingine kuna basi la bure la kuzungukia. Hesabu zaidi ya saa moja njiani, beba kitu cha kula. Tike ya siku nzima imekuwa dola 6 kwa miaka kadhaa, ukiwa unaenda kila siku chukua ya mwezi, na uulize ofisini kwenu kabla, wapo waajiri wanaosaidia hiyo gharama. Jambo moja la kuangalia sana: treni hazikeshi. Wakikupangia shifti ya kutoka saa nane usiku, waambie mapema huna usafiri, usikubali alafu uje uhangaike.

Sasa nawaambia hao wawili wenye mbuzi, mnamsikia huyu mama? Hana gari, ana watoto watano, na treni ile tunayoicheka ina watu wanne ndo inamtoa nyumbani mpaka kazini bila kubadilisha. Angepangiwa Houston, kuna uwezekano mkubwa angewekwa kusini magharibi, Gulfton na mitaa ya jirani, ambapo wakimbizi na wahamiaji wengi wamepewa makazi, mtaa uliobanana watu kuliko mwingine wowote Houston, na reli ya Houston pamoja na abiria wake laki 8 kwa maili haifiki pale. Ilitakiwa ipite karibu. Wananchi waliipitisha kwenye kura ya 2003, laini ya University, ianzie Hillcroft ikatize mji mpaka mashariki, ila ilipingwa na baadhi ya wakazi wa njia ile na mbunge wao John Culberson, ikalala, ikafufuliwa kama basi la njia yake, na 2024 hilo basi nalo likawekwa pembeni. Miaka ishirini na ushee mtu wa Gulfton anasubiri. Mimi nikiulizwa kosa kubwa kuliko yote katika hii miji miwili, nasema ni hilo, na halionekani kwenye hesabu ya abiria kwa sababu abiria ambaye treni haijamfikia hakuna kijicho cha mlangoni kinachomhesabu.

Sasa Anko. Mimi Mkenya niko Edmonton, mabeshte wangu wa Calgary hawaninyamazii, eti treni yao inabeba watu mara tatu ya yetu. Na sisi ndio tulianza! Hii ni haki kweli? – Wa Kwanza Kuanza

Poa. Haki yako ya kuanza hakuna wa kukunyang'anya. Edmonton ilifungua treni yake Aprili 1978 kwa ajili ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, na kwa mji wa ukubwa ule Amerika Kaskazini mlikuwa wa kwanza kabisa na aina hii ya treni mpya. Calgary wakaja 1981. Mlichokosea ni kujifanya matajiri: mkachimba handaki katikati ya mji, zuri, joto wakati wa barafu, lakini hela ikaishia chini ya ardhi na reli ikakaa fupi miaka mingi. Calgary wakaweka yao juu, mtaa wa 7th Avenue, wakafukuza magari binafsi, wakasema ukipanda ndani ya eneo la downtown ni bure, hela iliyobaki wakaenda nayo mbali. Kabla ya korona walikuwa na kama kilomita 60 na zaidi ya abiria laki 3 kwa siku ya kazi, nyie kama kilomita 24 na abiria laki moja na kidogo. Ila piga hesabu ya kwa kilomita uone, mnakaribiana kabisa. Kwaiyo waambie mabeshte wako mko sawa, wao wana reli ndefu tu. Laini yenu mpya, Valley Line, ilikuja Novemba 2023 ikiwa imechelewa karibu miaka mitatu, na wao laini yao mpya, Green Line, inawatoa jasho, msichekane sana.

Lakini nataka watu wa Texas waisome hiyo namba tena taratibu. Calgary, mji uliokuwa na watu milioni 1.3 hivi kabla ya korona, ulikuwa unabeba kwa treni kwa siku mara mbili ya Dallas na Houston zikiunganishwa. Siri haipo kwenye mabehewa. Maofisi yao yamerundikana katikati ya mji, walikataa kupitisha barabara kubwa za haraka mpaka ndani ya downtown, na maegesho waliyabana mpaka yakawa ya bei ya kutisha. Mtu anapanda treni kwa sababu gari linamuumiza. Texas gari linabembelezwa. Kule Houston hata ile kodi ya usafiri, robo yake inarudishwa kutengeneza barabara.

Haya, mbuzi. Shemeji Mtu, kwa swali mlilowekeana dau, yani treni ipi inafanya kazi zaidi kwa ukubwa wake, umeshinda. Bwana Mbuzi, utanunua. Lakini kwa sababu ya eapoti na kwa sababu ya yule mama wa Park Lane, naamuru kichwa, utumbo na miguu virudi Dallas kwa supu, na supu ya mbuzi wote tunajua nani anafaidi. Cha mwisho ni usafiri wa kumpeleka huyo mnyama, maana kati ya Dallas na Houston treni ya abiria ya moja kwa moja ilikufa 1995 na ile ya kasi ya Kijapani waliyoahidi bado ipo kwenye makaratasi. Ni barabara ya I-45, maili 240, Bwana Mbuzi. Weka turubai kwenye buti na utoke alfajiri kabla ya foleni.